Kuwafuata wanaowafuata watoto: Tanga, Muheza na Pangani, Julai 2025

Simulizi hii nimeiunga kutoka kwenye daftari na picha za simu baada ya kurudi Dar. Picha za watoto hamtaziona kwa kuwa hatukupiga, na lolote linaloweza kumtambulisha mtoto au familia yake nimelibadilisha.

Tulikwenda wawili: mimi, niliyefanya kazi ya ustawi wa jamii kwa miaka mingi, na mwalimu mstaafu ambaye kila tunapofika watu wanaishia kumwita Mzee Mwalimu. Hatukwenda kuendesha semina. Tulikwenda kuandamana na afisa ustawi, mtendaji, mwalimu wa malezi na mwenyekiti katika kazi zao za kila siku, tuone zinakwamia wapi na sisi tunaweza kushika upande gani wa mzigo. Sheria zetu za watoto nimezisoma na kuzifundisha, na ni nzuri. Lakini mtoto aliyekwama anaokolewa siku ile mtu mwenye dhamana anapofika alipo, na mwenye dhamana huyo mara nyingi yuko peke yake.

Jumapili 13 Julai: Dar hadi Tanga

Tiketi tulikata kwa simu jana yake, 20,000 kila mmoja. Basi la saa mbili asubuhi lilitoka stendi ya Mbezi saa tatu kasoro, Kibaha tukatambaa nyuma ya malori, na baada ya Chalinze njia ikafunguka. Anayekumbuka foleni ya Wami enzi za daraja jembamba, gari moja kwa wakati, atafurahi: daraja jipya limeanza kutumika 2022 na siku hizi unavuka hata hujamaliza kuuonyesha mto kwa jirani yako.

Mkata tulikula wali kuku, 7,000, kwa mwendo wa "abiria dakika kumi na tano." Kabla ya Kabuku tairi likapasuka. Tulikaa kando ya barabara zaidi ya saa moja. Mama muuza mahindi ya kuchoma aliona Mzee Mwalimu anatafuta pa kuegemea, akaenda nyumbani kwake na kurudi na mkeka, kigoda na jagi la maji. Tulipotaka kulipia maji akakataa kabisa: "Baba yangu, maji ya kunywa nayo nikuuzie?" Tukanunua mahindi mengi kuliko njaa yetu. Konda naye akawa anatuliza watu: "Tanga waja leo waondoka leo, msiwe na wasiwasi, leo tutafika tu."

Pale mkekani ndipo Mzee Mwalimu alipotoa karatasi alizochapa kuhusu Mfuko wa Annie E. Casey wa Baltimore, Marekani. Uliasisiwa 1948 na Jim Casey, mmoja wa waanzilishi wa UPS, pamoja na ndugu zake, kwa kumuenzi mama yao. Kilichotuvutia ni mambo mawili. Tangu 1992 wanasaidia maeneo ya nchi hiyo kupunguza kuwaweka watoto mahabusi pale ambapo mtoto angeweza kubaki nyumbani chini ya uangalizi. Na tangu 1993 wana mpango wa kuwanoa viongozi wa huduma za watoto na familia, na siku hizi huwanoa wakiwa bado kazini: hawatolewi ofisini kwenda kusomea cheti, wanakutana kwa vipindi, kila mmoja na tatizo halisi la kwake, na wanapimwa kwa maswali matatu. Tumefanya kiasi gani? Tumefanya vizuri kiasi gani? Nani maisha yake yamekuwa bora? Mzee Mwalimu alilipigia mstari hilo la tatu. "Mwanangu," akaniambia, "ripoti zetu zote zinaishia kwenye swali la kwanza."

Kange tuliingia jua linazama. Kwa wageni: mabasi ya mikoani yanaishia Kange, nje kidogo ya mji. Daladala za kuingia mjini zipo kwa mia chache. Ukiwa na mizigo chukua bajaji, na bei mpatane kabla hujapakia. Sisi tulilipa 4,000 hadi Chumbageni. Chumba cha feni, neti na chai ya asubuhi kilikuwa 35,000.

Jumatatu 14 Julai: Tanga mjini

Asubuhi yote ilikwenda kwenye mihuri.

Anayetaka kufanya safari ya namna hii, barua ya utambulisho ianzie kwa Katibu Tawala wa Mkoa, itumwe wiki mbili kabla au zaidi, na nakala ziende kwa mkurugenzi wa kila halmashauri utakayoingia. Bila barua, hata afisa anayekutamani ufike hawezi kukupokea. Makao ya watoto na mahabusi yana kibali chake tofauti. Usijitokeze getini na katoni ya biskuti ukidhani moyo mwema unatosha. Wale ni watoto wa watu na wana haki ya kutotazamwa.

Saa tano tukakutana na dada afisa ustawi wa halmashauri mojawapo ya mkoa huu. Ana kata tatu mikononi, hana pikipiki, na ofisi yake ni meza moja anayogawana na mwenzake wa maendeleo ya jamii. Nilimwomba anionyeshe anavyoweka kumbukumbu. Akafungua kaunta buku lenye jalada lililoshonwa kwa uzi. Kila ukurasa ameugawa kwa rula: tarehe, kata, jambo lenyewe, hatua iliyochukuliwa. Safu ya mwisho ameichora kwa kalamu nyekundu na juu yake ameandika NAULI. Nikashuka na kidole. Mstari hadi mstari safu ile imejazwa neno moja: mwenyewe. Mwenyewe. Mwenyewe. Hapa na pale "lifti ya polisi", mara moja "mtendaji kachangia", halafu mwenyewe tena hadi chini ya ukurasa.

Kati ya mistari ile kulikuwa na mmoja ambao safu ya hatua ilikuwa tupu. Kijana wa miaka 15, anatuhumiwa kuiba betri ya sola, yuko mahabusi ya watoto kwa wiki ya tano. Tanga ni miongoni mwa mikoa michache yenye mahabusi ya watoto, na hilo ni jema, maana kwingineko mtoto huishia kulala na watu wazima. Lakini mahabusi ni mahali pa kupita tu. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka Mahakama ya Watoto na inataka afisa ustawi awepo shauri linaposikilizwa. Hakimu anamtegemea yeye kwa taarifa ya uchunguzi wa kijamii: mtoto ametoka wapi, analelewa na nani, yuko nani wa kumdhamini na kumsimamia akirudi. Taarifa haiandikwi kwa kukisia. Lazima mtu afike nyumbani. Nyumbani kwa kijana huyu ni kwa bibi yake, juu kabisa njia ya Amani, nauli ya kwenda na kurudi 25,000, na OC, yaani fedha za matumizi ya ofisi, haijashuka tangu robo iliyopita.

"Dada yangu," akasema, "mimi moyo sijaukosa. Nimekosa elfu ishirini na tano."

Sikuweza kumjibu lolote la maana. Tukapanga kuondoka naye kesho alfajiri.

Jumanne 15 Julai: Muheza na njia ya Amani

Chai ya maziwa, vitumbua vinne na maharage ya nazi, 2,500, kwa mama anayepika karibu na kituo. Coaster hadi Muheza 2,500. Njiani mashamba ya katani yamejipanga mistari hadi macho yanachoka. Zao hili lililetwa pwani hii na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na likavuta manamba, yaani vibarua wa mashambani, kutoka kila pembe ya nchi na nje yake. Dada afisa alitukumbusha kwa nini hilo bado linamhusu: katika familia nyingi zilizobaki kwenye makambi ya zamani, mama akifariki au baba akitoweka, shangazi wa karibu yuko Kigoma au Songea. Ukoo, ambao ndio ustawi wa jamii wetu wa kwanza, hapo haupo. Mtoto anabaki na jirani mwema au anabaki na barabara.

Muheza mjini tulichukua bodaboda tatu, 20,000 kila moja kwenda na kurudi pamoja na kusubiri. Mvua ndogo ilikuwa imenyesha usiku, udongo mwekundu umelainika, na sehemu mbili tulishuka tukasukuma. Kwa atakayepita: viatu vya kufunga, si sandozi, na koti la mvua hata jua likiwaka, kwa sababu Usambara Mashariki ina hali yake yenyewe. Harufu ya mdalasini ulioanikwa barazani inakupokea kabla hujaiona nyumba.

Bibi tulimkuta anapukuchua mahindi. "Shikamoo bibi." "Marahaba wajukuu zangu, karibuni, kaeni." Hakuuliza sisi ni nani hadi tulipokwisha kunywa maji. Dada afisa naye hakuharakisha. Aliuliza mguu unaouma, akauliza mahindi yametoka magunia mangapi, akasaidia kuokota punje zilizoruka. Ndipo akamtaja mjukuu. Bibi akaweka gunzi chini. Kumbe alikuwa anajua tu kwamba "yuko mjini, kashikwa." Mtu alimpigia simu mara moja, simu ikakatika. Aliuza kuku watatu, akashuka Muheza, akazungushwa siku nzima kutoka mlango hadi mlango, akalala kibarazani kwa mama asiyemjua aliyempa kanga ya kujifunika, asubuhi akarudi. Hakuna aliyemwambia kwamba yupo wa kumdhamini, na kwamba huyo ni yeye.

Nimeshika mafaili mengi katika maisha yangu, lakini sijaona kazi nzuri kuliko aliyoifanya dada yule kwa saa mbili juu ya kigoda. Alipata tarehe ya kuzaliwa kwa kuihesabu kutoka msimu wa uchaguzi na mavuno, kisha akaioanisha na kadi ya kliniki iliyokuwa ndani ya bati la majani ya chai. Aliuliza kijana anapenda nini. Redio, bibi akasema, kila redio mbovu ya kijiji iko chini ya kitanda chake. Na kuna mjomba fundi redio Muheza mjini, hawasemani naye tangu msiba wa babu. Dada akaandika jina la mjomba na kulizungushia duara.

Ilihitajika barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti mwenyewe, kijana wa watu, akaja mbio na pikipiki yake, mkono una grisi. Alichaguliwa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 na, kwa maneno yake mwenyewe, alikabidhiwa muhuri tu. Faili la kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto hakulikuta. Hakujua kama kuna kamati. Hakujua kwamba watoto walio katika mazingira magumu wanatakiwa kuwa na rejesta. Lakini alikuwa na akili na huruma, na alijua nyumba kwa nyumba nani anakula na nani analala njaa. Mzee Mwalimu alikaa naye chini ya mchungwa muda wote ule akimwandikia kwenye daftari la shule: kamati inaundwa na nani, akisikia mtoto kafanyiwa ukatili ampigie nani kwanza, namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure, Dawati la Jinsia na Watoto liko kituo gani. Alishukuru kama mtu aliyepewa ramani katikati ya pori.

Bibi alitufungia machungwa. Julai Muheza machungwa ni ya kukanyaga, lakini haya aliyachagua moja moja na kuyafuta kwa kanga. Kukataa ilikuwa haiwezekani.

Tukiwa njiani kushuka, dada alimpigia yule mjomba. Kimya kirefu, halafu: "Mleteni. Kazi ipo."

Jumatano 16 Julai: Tanga mjini

Taarifa iliandikwa asubuhi na kufikishwa panapohusika kabla ya saa saba mchana. Wiki tano na siku moja, kwa sababu ya nauli.

Mchana tulikaribishwa kwenye kikao cha kamati ya kata moja. Kamati hizi zinatokana na MTAKUWWA, mpango kazi wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulioanza 2017/18 na sasa uko awamu ya pili hadi 2028/29. Karatasini zinashuka kutoka taifa hadi kijiji na mtaa. Kikaoni, zaidi ya nusu ya wenyeviti walikuwa wapya kama yule wa juu Muheza. Saa ya kwanza ilikuwa ya kusomeana muhtasari.

Kisha Mzee Mwalimu, kwa ruhusa ya mtendaji, akaandika yale maswali matatu ubaoni. La kwanza walilijibu haraka: vikao vimekaa, elimu imetolewa, watu wamesaini. La pili likachukua muda. La tatu, watu wakatazamana. Mama mmoja mwenyekiti wa mtaa, mtu mzima wa baibui na miwani ya kamba, ndiye aliyevunja ukimya. "Mimi naweza kuwatajia mmoja," akasema. "Binti wa nyumba ya nne kutoka kwangu. Alikuwa anauza karanga stendi usiku. Sasa hauzi." Alifanyaje? Alikwenda mwenyewe kwa mama wa binti, jioni tatu mfululizo, akagundua kuwa kaya ile ilirukwa kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF kwa kuwa siku ya kuandikishwa mama alikuwa amelazwa. Akafuatilia. Akapeleka binti na sare shuleni. Muhtasari wa kata haukuwa na hata neno moja la habari hiyo, kwa sababu haikuwa kikao wala semina.

Nilimtazama mtendaji akiandika. Alimwomba mama arudie tangu mwanzo, polepole, na wenyeviti wapya wakafungua madaftari. Nusu saa ile ilifaa kuliko siku nzima ya projekta, na aliyefundisha alikuwa mwenzao, anayekaa mtaa wa pili.

Usiku tulitembea Ngamiani kwenye barabara za namba, tukala mishkaki na mihogo ya kukaanga yenye chachandu, tukamalizia kahawa chungu na kashata barazani. 6,000 kwa watu wawili. Wazee wa pale kijiweni walipojua tulichokuja kufanya, mmoja alilipia kahawa yetu na kutuombea dua.

Alhamisi 17 Julai: njia ya Pangani

Daladala ya Pangani 3,000. Sehemu ina lami mpya, sehemu ni michepuko na vumbi. Ukikaa nyuma ufunge mdomo kwa kitambaa. Tulishuka katikati ya njia, kwenye kijiji cha wavuvi, kwa kuwa mwalimu wa malezi wa shule ya msingi ya hapo alitutumia ujumbe mfupi tu: "Njooni muone rejesta yangu."

Kusi lilikuwa linavuma, minazi imelala upande mmoja, na boti za dagaa zilikuwa zinarudishwa majini baada ya mapumziko. Wavuvi wa dagaa hawatoki mbalamwezi ikiwa kubwa, maana taa zao hazivuti samaki. Wanasubiri giza. Mwezi ulikuwa mpevu wiki iliyotangulia, sasa ulikuwa unachelewa kuchomoza, na giza linarudi.

Mwalimu, kaka wa miaka thelathini na kidogo, alitandaza rejesta ya mahudhurio ya darasa la sita kwenye dawati. Waliokuja wana alama ya bluu, watoro nyekundu. Pembeni aliweka kalenda ya mwezi aliyoichora kwa mkono kwenye karatasi ya manila. Akazisogeza zikaungana. Nyekundu za wavulana zinaanza siku chache baada ya mwezi mpevu, zinakolea giza linapokolea, zinakwisha mwezi mchanga unapokua. Mwezi hadi mwezi. Upande wa wasichana nyekundu zinaanza siku moja nyuma ya za wavulana, kwa sababu dagaa wakishafika ndio wanachemshwa na kuanikwa.

Kabla ya hapo shule ilikuwa inawaita watoto wale watoro sugu, na dawa ilikuwa fimbo na kuita wazazi. Mwalimu alitazama rejesta hadi akaona ni kazi, ina ratiba, na ina mwajiri. Wavulana wanakumba maji ya ngama na kuvuta nyavu usiku kucha, wanalipwa kwa sahani ya dagaa, asubuhi wanalala. Hakwenda kwa wazazi. Alimwomba mwalimu mkuu ruhusa, akachukua rejesta na kalenda yake, akaenda bandarini kwa mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia rasilimali za pwani.

Mwenyekiti huyo tulimkuta anashona wavu, bwana wa makamo, kofia ya kiua, maneno machache. Alituambia wazi kwamba mara ya kwanza alikasirika. "Mtoto wa mvuvi asipoijua bahari ataijua nani? Mimi mwenyewe nilianza na miaka tisa." Mwalimu hakubishana naye juu ya bahari. Alimwonyesha mstari mmoja wa rejesta, akamwacha asome jina mwenyewe. Lilikuwa la mtoto wa dada yake.

Wakakubaliana: mtoto wa shule hapandi boti usiku wa kuamkia siku ya masomo. Ijumaa na Jumamosi aende, ajifunze bahari ya babu zake, na wavuvi wapime wenyewe kazi inayolingana na umri wake. Karani wa BMU anayeandika boti zinazotoka ndiye anayetazama. Nahodha atakayekiuka anaulizwa na wenzake, kabla ya polisi au mtendaji. Mama wanaochemsha dagaa wamehamisha sehemu ya kazi hadi baada ya shule. Rejesta ya giza la Mei ilikuwa bado na nyekundu, lakini zimetawanyika, na kila moja mwalimu anaijua sababu yake.

Mambo mawili yaliniuma. Mpango huu unamtegemea mwalimu mmoja ambaye anaweza kuhamishwa kesho. Na alikuwa hajapata mtu wa kumweleza. "Shangazi," aliniambia, "ninyi ndio wa kwanza kuiona kalenda hii nje ya kijiji." Kilomita chache kusini yake kuna shule zenye mwezi uleule na bahari ileile. Tulipiga picha kalenda, majina tukiyafunika kwa karatasi, na tukamwomba aandamane nasi Pangani. Mwalimu mkuu akampa ruhusa ya siku moja bila kusita.

Chakula cha mchana tulikula kwa mwenyekiti: wali wa nazi na changu wa kupaka, sinia moja. Hapakuwa na bili.

Ijumaa 18 Julai: Pangani

Chumba 30,000, karibu na mto. Asubuhi tulivuka kwa kivuko hadi Bweni na kurudi, mia chache tu kwa mtembea kwa miguu. Daraja kubwa lilikuwa linajengwa na safari hii fupi ilikuwa karibu kubadilika.

Tulikutana na walimu wa malezi wa shule kadhaa. Kaka yetu alitandaza kalenda yake na sisi tukakaa kimya nyuma. Kabla hajamaliza, mwalimu mmoja wa kike alikuwa ameshatuma mtu akalete rejesta yake.

Mwalimu huyo naye alikuwa na lake la kufundisha. Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021 uliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi shuleni. Mlango ukafunguliwa, lakini alisema kufungua mlango na kumwingiza mtu ni kazi mbili. Yeye huenda nyumbani kabla ya muhula, anazungumza na bibi au shangazi atakayebaki na mtoto mchanga, na shuleni amemtafutia binti dakika za kwenda kunyonyesha bila kuombea ruhusa mbele ya darasa. Mkuu wake wa shule alimpinga, kisha akamwachia, na sasa anamtetea kwenye vikao. Walipoanza kuulizana maswali wao kwa wao niliacha kuandika.

Sala ya Ijumaa, chakula, daladala, vumbi, Tanga.

Jumamosi 19 Julai: kurudi Dar

Basi liliondoka Kange kwa wakati na hakuna la kusimulia hadi Segera, ambapo simu ya dada afisa iliita. Bibi ameshuka, mjomba amesimama naye, kijana ametoka kwa dhamana jana mchana. Shauri linaendelea, na kila tarehe ya mahakama dada atakuwepo. Mzee Mwalimu aliomba arudie mara mbili, simu ikiwa kwenye spika, na abiria wa kiti cha mbele aligeuka akasema alhamdulillah bila kujua ni habari ya nani.

Walichotuomba kabla hatujaondoka nakiandika kama walivyosema. Dada afisa na wenzake wanataka mfuko mdogo wa nauli usiopitia semina wala posho, utakaolipia kumfikia mtoto tu, na hesabu ionekane kwa wote. Tumeanza nao. Kaunta buku lile ndilo daftari la hesabu, na kwenye safu nyekundu sasa kutakuwa na neno jingine badala ya mwenyewe. Wenyeviti wapya wanataka faili la makabidhiano, karatasi chache zinazobaki ofisini mtu anapoondoka. Mtendaji wa kata ile ya Jumatano ameanza kuliandaa, na mama wa miwani ya kamba anamsaidia kwa kuwa ndiye anayekumbuka. Walimu wa pwani wanataka kupigiana simu kila giza linapoanza, na bando la hilo ni dogo kuliko gharama ya chai ya kikao kimoja.

Tutarudi Septemba, shule zikiwa wazi. Kwa mwenye taaluma ya ustawi, ualimu au sheria anayetaka kuandamana nasi: jitegemee nauli na malazi, 60,000 kwa siku inatosha ukila wanakokula wenyeji. Utakaa nyuma ya afisa, hutakaa mbele yake, na kamera inabaki begini. Barua ya mkoa tutaipeleka mwanzoni mwa Agosti, kwa hiyo jina lako tulipate kabla ya hapo.